Marianne wa Uholanzi: binti mfalme aliyekataa kumficha mtoto wake

Baada ya mwaka 1849, Marianne, binti wa Mfalme Willem I wa Uholanzi, hakuruhusiwa kukaa katika ardhi ya Prussia, ufalme wa Kijerumani wenye makao yake Berlin, zaidi ya saa 24, na kila alipoingia ilimlazimu kutoa taarifa polisi. Prussia ndiko alikozaliwa. Huko ndiko alikoishi kama mke wa mwana wa mfalme, ndiko walikobaki watoto wake watatu, na ndiko yalikokuwa mashamba na misitu aliyorithi kwa mama yake. Kosa lake lilikuwa moja: alizaa na mwanamume aliyekuwa akimwendeshea gari la farasi, na hakutaka kulikana jambo hilo.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya mapenzi, bibi wa kifalme na mtumishi wake. Mapenzi yalikuwepo, tena ya kudumu. Lakini ukizipanga tarehe zake moja baada ya nyingine, na kila hatua ukajiuliza nani alikuwa na fedha na nani alikuwa na amri, unaona jambo zito zaidi. Ukoo ungeweza kuivumilia ndoa iliyokufa, na ungeweza hata kuuvumilia uhusiano wa pembeni, maadamu uko kimya. Usichoweza kukivumilia kilikuwa mtoto anayelelewa hadharani na mama yake. Na Marianne aliweza kumlea hadharani kwa sababu alikuwa na mali yenye jina lake.

Koo mbili, damu moja

Alizaliwa Berlin tarehe 9 Mei 1810, uhamishoni. Ukoo wa Orange, ndio ukoo wa baba yake, ulikuwa umeikimbia Uholanzi tangu 1795, majeshi ya Ufaransa yalipoingia, na kimbilio lao kubwa lilikuwa Prussia, kwa wakwe. Nasema wakwe, ingawa hali yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa ya ndani zaidi ya hapo. Bibi yake mzaa baba alikuwa dada wa Mfalme Friedrich Wilhelm II wa Prussia. Mama yake alikuwa binti wa mfalme huyo huyo. Yaani baba na mama wa Marianne walikuwa binamu, na ukoo uliona sawa kabisa kwamba binti yao naye aende kulekule.

Familia ilirudi nyumbani 1813, na mwaka 1815 baba yake akawa mfalme wa nchi mpya iliyounganisha Uholanzi na Ubelgiji. Marianne alikuwa na miaka mitano. Kaka yake mkubwa, Willem, alimzidi kwa miaka kumi na saba, na Frederik kwa kumi na mitatu, hivyo alikua kama mtoto wa pekee katikati ya watu wazima wenye vyeo.

Kabla ya Albert wa Prussia, aliyekuja kuwa mume wake, kulikuwa na mchumba mwingine. Mwaka 1828 Marianne alichumbiwa na Gustav wa Vasa, mtoto wa mfalme wa Sweden aliyepinduliwa 1809. Kiti cha enzi cha Sweden wakati huo kilikuwa kimekaliwa na Karl XIV Johan, ambaye alianza maisha yake Ufaransa kwa jina la Bernadotte na kupanda hadi kuwa mkuu wa jeshi chini ya Napoleon. Kwa mfalme wa namna hiyo, mtoto wa mpinduliwa kumwoa binti wa mfalme wa Uholanzi lilikuwa tishio, kwa sababu ndoa ingempa Gustav heshima na ndugu wenye nguvu. Sweden ilipinga. Mwaka 1829 uchumba ukavunjwa. Marianne alikuwa na miaka kumi na tisa, na tayari alikwisha kuonyeshwa mume wake atapimwa kwa mizani gani.

Mwaka uliofuata, tarehe 14 Septemba 1830, aliolewa mjini The Hague na Albert, mwana wa Mfalme Friedrich Wilhelm III, mtoto wa mjomba wake. Siku zenyewe zilikuwa mbaya. Ghasia zilikuwa zimezuka Brussels tarehe 25 Agosti, hata wiki tatu hazijatimia, na siku tisa baada ya harusi majeshi ya Uholanzi yaliingia Brussels na kupigana mitaani siku nne kabla ya kurudi nyuma. Baba wa bibi harusi alikuwa njiani kuipoteza Ubelgiji. Kwa wakati kama huo, kufunga tena fundo na Prussia lilikuwa jambo la serikali kuliko la moyo, na sioni dalili kwamba mtu yeyote alijifanya vinginevyo.

Nyumba ya Wilhelmstraße

Wanandoa walipewa kasri katika mtaa wa Wilhelmstraße, Berlin, lililofanyiwa ukarabati mkubwa na Karl Friedrich Schinkel, msanifu majengo aliyeongoza Prussia nzima wakati wake. Charlotte alizaliwa 1831. Mwaka 1832 mtoto mwingine hakuishi. Albrecht akaja 1837, Elisabeth akazaliwa 1840 na kufariki mwaka huohuo akiwa mchanga, kisha Alexandrine 1842. Mimba tano, watoto watatu hai.

Katikati ya miaka hiyo kuna mambo mawili ambayo wasimuliaji wengi huyapitia haraka, nami naona ndiyo yaliyobeba kisa kizima. La kwanza, mama yake alifariki Oktoba 1837 na kumwachia Kamenz huko Silesia, eneo kubwa lenye mashamba, vijiji na misitu. Leo mahali hapo ni Kamieniec Ząbkowicki, Poland. La pili, baba yake alifariki Berlin Desemba 1843, naye akapata urithi mwingine. Kwa hiyo kufikia umri wa miaka thelathini na mitatu Marianne hakuwa tena mke anayelishwa na mumewe wala binti anayesubiri posho ya baba.

Albert, kwa upande wake, alikuwa na uhusiano na Rosalie von Rauch, binti wa aliyekuwa waziri wa vita wa Prussia, aliyekuwa mdogo kwa Marianne kwa miaka kumi. Haukuwa mpito. Uhusiano huo baadaye ulizaa ndoa na wana wawili. Mke wa kifalme mwenye mume wa namna hiyo alitarajiwa kufanya yale waliyofanya wenzake: kukaa upande wake wa nyumba, kutokea kwenye karamu, kusali, kunyamaza. Mwaka 1845 Marianne aliondoka.

Alipoondoka, Charlotte alikuwa na miaka kumi na minne, Albrecht minane, Alexandrine mitatu. Watoto walikuwa mali ya ukoo wa Prussia, hawakwenda naye. Alexandrine, mdogo kuliko wote, alilelewa kwa mfalme, mikononi mwa Malkia Elisabeth ambaye hakuwa na mtoto wake mwenyewe. Kila nikifika hapa nasita kumpongeza Marianne kwa ujasiri kana kwamba ujasiri huo ulilipiwa na yeye peke yake. Mtoto wa miaka mitatu hakuulizwa.

Talaka iliyokwama

Mtu anaweza kudhani sheria ndiyo iliyomzuia. Sivyo. Prussia ilikuwa nchi ya Kiprotestanti, na sheria yake kuu ya mwaka 1794 ilikuwa miongoni mwa zile zilizoruhusu talaka kwa upana zaidi Ulaya. Uzinzi ulikuwa sababu. Hata chuki isiyoponyeka kati ya mume na mke ingeweza kukubaliwa kuwa sababu. Mke wa fundi viatu wa Berlin alikuwa na njia mahakamani. Mke wa mwana wa mfalme alihitaji ridhaa ya mfalme, kwa kuwa watu wa ukoo wa kifalme walikuwa chini ya mamlaka ya mkuu wa ukoo wao.

Na wafalme wawili walikataa. Huko Prussia alikuwa Friedrich Wilhelm IV, mcha Mungu sana, kaka wa Albert na binamu wa Marianne. Huko Uholanzi alikuwa Willem II, kaka yake wa tumbo moja. Kwa wote wawili ndoa hii ilikuwa kamba kati ya mataifa mawili, na kuikata hadharani kungewaaibisha pamoja. Hapa ndipo undugu ule wa vizazi ulipomgeukia. Mwanamke wa kawaida akigombana na wakwe hukimbilia kwao. Marianne kwao na kwa wakwe palikuwa pamoja.

Mwaka 1848 alinunua nyumba ya Rusthof huko Voorburg, karibu na The Hague. Katika watumishi wake alikuwemo Johannes van Rossum, Mholanzi aliyezaliwa 1809, mwendesha gari lake la farasi, ambaye baadaye alishika kazi za ukatibu na utunzaji wa maktaba. Walikuwa karibu rika moja.

Willem II alifariki tarehe 17 Machi 1849. Talaka ikakamilika tarehe 28 Machi, siku kumi na moja baadaye. Tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo, Marianne alijifungua mtoto wa kiume huko Cefalù, mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Sicily.

Rudisha miezi nyuma utaona kwamba siku talaka inasainiwa mimba ilikuwa tayari ipo. Kisheria alishika mimba akiwa bado mke wa Albert. Wanaotaka kumsafisha huliacha jambo hili, na wanaotaka kumchafua hulishikilia hilo tu. Mimi naliweka mezani kwa sababu linaonyesha hatari aliyoikubali. Miaka minne alikuwa ameomba kuachwa kwa utaratibu. Mume wake wakati wote huo aliendelea na Rosalie, na hakuna aliyemtaka ajieleze. Tumbo la mwanamke ndilo lenye ushahidi.

Cefalù

Ulikuwepo utaratibu wa mambo ya namna hii, na kila kasri la Ulaya liliujua. Mama husafiri kwa sababu za afya. Mtoto huzaliwa mbali, hukabidhiwa familia yenye uaminifu pamoja na fedha za matunzo, hupewa jina lisilomhusisha na mtu. Mama hurudi baada ya miezi kadhaa akiwa amepona maradhi yake. Marianne alikuwa amekamilisha nusu ya kwanza ya utaratibu huo: yuko Sicily, mbali na Berlin na The Hague, akiwa na fedha za kutosha kumlea mtoto popote. Kwa hatua moja zaidi angerudi kuwa mtalikiwa mwenye heshima zake, na milango ya watoto wake ingebaki wazi.

Hakuichukua hatua hiyo. Alimtambua mtoto kuwa wake na kumlea mwenyewe, baba yake akiwa ndani ya nyumba hiyohiyo. Alimwita Johannes Willem. Johannes ni jina la baba, mwendesha farasi. Willem ni jina la babu, mfalme. Kuyakalisha majina hayo mawili juu ya mtoto mmoja aliyezaliwa nje ya ndoa, mwaka 1849, lilikuwa tamko ambalo kila mtu katika kasri zote mbili alilielewa bila kuelezwa.

Jibu la Prussia ndilo lile nililoanza nalo. Saa 24 na polisi.

Linganisha na wanaume wa hadithi hii. Baba yake, Willem I, mwaka 1840 aliachia ufalme akiwa na miaka sitini na minane, na sababu mojawapo ilikuwa hamu yake ya kumwoa Henriëtte d'Oultremont, Mbelgiji tena Mkatoliki, wakati Waholanzi walikuwa bado na kidonda cha Ubelgiji. Watu walikasirika sana. Hata hivyo alimwoa, mjini Berlin, Februari 1841, akaishi huko kwa utajiri mpaka alipofariki. Albert naye alimwoa Rosalie mwaka 1853, ndoa ya daraja pungufu isiyompa mke cheo cha mume, huko Meiningen. Sitaki kumwonea: naye alisukumwa nje ya Berlin kwa muda, ndiyo maana alijijengea kasri la Albrechtsberg karibu na Dresden, juu ya mto Elbe. Lakini Rosalie alipewa cheo cha Countess wa Hohenau, wana wao wakawa na jina la heshima, na Albert akaendelea kupanda jeshini, akaongoza askari wa farasi katika vita vya 1866 na vya 1870. Wote watatu walivuka mstari wa tabaka au wa dini. Kwa wanaume palipatikana cheo cha kulipamba jambo. Kwa Marianne hapakutafutwa.

Mali

Kasri la Kamenz Marianne alianza kulijenga 1838, kwa michoro ya Schinkel, jengo kubwa la matofali juu ya kilima lenye minara minne ya duara. Schinkel alifariki 1841, ujenzi ukasimama wakati wa misukosuko ya ndoa, kisha ukaendelea miaka mingi chini ya fundi Ferdinand Martius. Fikiria mwenye nyumba anayejenga kasri ambalo haruhusiwi kulala ndani yake usiku wa pili.

Alilipatia ufumbuzi kwa njia ya mtu anayeijua ramani. Ng'ambo tu ya mpaka, katika Silesia ya Austria, kulikuwa na kijiji cha Weisswasser, ambacho leo ni Bílá Voda nchini Czech. Alinunua nyumba huko. Ardhi ya Austria haikuwa chini ya amri ya Prussia, na kutoka hapo aliweza kuvuka asubuhi, kukagua kazi zake, na kurudi kabla saa hazijaisha. Wasimamizi wake nao waliweza kumfuata na vitabu vya hesabu. Watoto pia waliweza kumtembelea.

Na kazi zenyewe hazikuwa za maonyesho. Kwenye milima ya Kłodzko alikuwa na ardhi nyingine kubwa, Seitenberg, aliyoinunua 1838, leo Stronie Śląskie. Huko zilichongwa barabara milimani, machimbo ya marumaru yakaendelezwa, misitu ikapangwa, na kiwanda cha vioo kikaanzishwa katika miaka ya 1860. Marumaru nyeupe ya eneo hilo hadi leo inaitwa Biała Marianna, Marianna Nyeupe, na watu wa huko humkumbuka kwa jina la Bibi Mwema. Wakulima na wachimba mawe walimjua mwajiri. Habari ya mwendesha farasi iliwahusu watu wa Berlin.

Ili kupima thamani ya mali hiyo, mtazame mwanamke wa ukoo huohuo ambaye hakuwa na mlango wa kutokea. Sophie wa Württemberg aliolewa na mpwa wa Marianne, Willem III, ndoa iliyokuwa mbaya tangu mwanzo. Walitengana 1855 bila talaka. Alibaki malkia, akaandika barua nyingi kwa wasomi wa Ulaya, akafariki 1877, na alizikwa na gauni lake la harusi, kwa kuwa aliona maisha yake yaliishia siku ile ya kuolewa. Sophie alikuwa msomi kumshinda Marianne, na hakukosa moyo. Lakini alikuwa malkia mwenye wana warithi wa kiti, na hakuwa na Kamenz.

Reinhartshausen

Mwaka 1855 ulimletea Marianne msiba na nyumba. Charlotte, binti yake wa kwanza, aliyekuwa ameolewa na Georg wa Saxe-Meiningen, alifariki kwa uzazi mwezi Machi akiwa na miaka ishirini na mitatu. Mwaka huohuo Marianne alinunua kasri la Reinhartshausen huko Erbach, ukingoni mwa mto Rhine, nchi ya mizabibu. Eneo hilo lilikuwa ndani ya dola ndogo ya Nassau, nje ya Prussia. Aliishi huko na van Rossum na mtoto wao, aliyepewa jina la ukoo von Reinhartshausen kutokana na nyumba hiyo. Upande mmoja wa kasri aliutenga kwa picha zake za kuchora, karibu mia sita, na kuzifungulia watu. Kisiwa kilichoko mtoni mbele ya nyumba kinaitwa Mariannenaue mpaka sasa.

Johannes Willem alifariki siku ya Krismasi mwaka 1861, kwa homa ya vipele vyekundu iitwayo skaleti, akiwa na miaka kumi na miwili. Waprotestanti wa Erbach, eneo lenye Wakatoliki wengi, hawakuwa na kanisa. Marianne alitoa kiwanja na guilder 60,000 lijengwe. Johanneskirche ilizinduliwa Desemba 1865, na mtoto akazikwa humo. Mtoto wa nje ya ndoa, ambaye kasri la Berlin lilitaka asionekane, ndiye aliyewapatia Waprotestanti wa mji mahali pa kusali.

Mwaka 1866 Prussia iliishinda Austria na washirika wake, ikaimeza Nassau. Mpaka ambao Marianne alikuwa ameuepuka kwa miaka kumi na saba ukamfuata hadi mlangoni, na kitanda chake kikawa ndani ya Prussia. Hakuhama. Aliendelea kuishi Reinhartshausen miaka mingine kumi na saba.

Hawakuoana kamwe, yeye na van Rossum. Aliishi naye zaidi ya miaka ishirini, muda mrefu kuliko alivyokaa na Albert. Van Rossum alifariki Mei 1873. Marianne alifariki tarehe 29 Mei 1883 na kuzikwa makaburini Erbach pamoja naye, badala ya Delft walikolazwa baba na kaka zake, na badala ya makaburi ya wafalme ya Berlin.

Albrecht, mwanawe, alikwisha kupata Kamenz, na mwaka 1885 akawa mtawala wa muda wa Braunschweig. Reinhartshausen nayo ilimwangukia yeye, pamoja na mizabibu na kisiwa, ikabaki kwa wakuu wa Prussia kwa miongo mingi. Ukoo uliomhesabia mwanamke huyo saa za kukaa ulipokea mali yake yote bila kusita.